Nilivyomwombea Nyapara

Nianze na ujinga wenyewe, tusisumbuane. Niliomba. Niliomba kwa sauti, kanisani, mbele ya watu wote, nimefunga macho kama mtakatifu. Ndani ya hayo maombi nikamsemea nyapara wa mama yangu kwa Mungu, na nyapara mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkono mmoja ameuinua juu kupokea baraka.

Jina sikulitaja. Hiyo ndiyo akili yote niliyokuwa nayo siku hiyo.

Ili uelewe kwa nini nilijiona mjanja, lazima ujue sheria moja ya kanisa letu ambayo haijaandikwa popote. Mtu akiomba, hakatizwi. Mhubiri anaweza kuonyeshwa saa. Mwenye ushuhuda akizidisha, watu wanaanza kukohoa. Lakini mtu akishasema "Tuombe", huyo ameingia ndani akafunga mlango, na kama hutaki kumsikia itabidi ungoje mtu aanzishe pambio la kumfunika, jambo ambalo hufanywa kwa nadra na kwa aibu. Kuna mzee mmoja mgeni alitoka pande za Sigowet, akaanza kumshukuru Mungu kwa ng'ombe wake, mmoja mmoja, pamoja na rangi zao. Mvua ikaanza, mabati yakavuja upande wa akina mama. Akina mama wakainuka, wakabeba benchi, wakalisogeza mpaka pakavu, wakaketi, na hayo yote waliyafanya macho yakiwa yamefungwa. Mzee alikuwa bado yuko kwa ng'ombe wa nne.

Wakati huo nilikuwa darasa la sita. Watu wengine siku hiyo walitoka kanisani na Neno. Mimi nilitoka na hiyo sheria, nikaiweka.

Sasa nyapara. Sisi tulikuwa tunaishi kwenye nyumba za kampuni ya chai, Kericho, karibu sana na mpaka wa Bomet, chumba kimoja na jiko. Mama anachuma majani. Nyumba ni ya kampuni, na unakaa ndani mradi jina lako liko kwa orodha ya wachumaji. Jina likitoka, na wewe unatoka na sufuria zako. Baba simtaji hapa kwa sababu hata nyumbani hatajwi. Nyapara ndiye anayegawa mistari asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani na akina mama wamejifunga zile aproni za plastiki mpaka chini ya magoti. Kuna mistari ya bondeni, ambako majani ni mengi na laini, kikapu kinajaa kabla mgongo haujaanza kulalamika. Halafu kuna kule juu kwa mawe, ambako kichaka kizima kinakupa majani matatu kama kinakuonea huruma. Kidole cha nyapara kikielekea bondeni, watoto wako wanakula. Kikielekea juu, basi.

Huyo nyapara pia ni mzee wa kanisa. Si mtu wa kutisha. Ana sauti nzuri, anajua majina ya watoto wote, na akiomba husema "Papa" badala ya "Baba", kama sisi Wakipsigis wengi ulimi ukiwa na haraka. Akifika mahali pa kulia, analia kweli. Nimechunguza kwa jicho moja. Ni machozi ya maji. Nilikuwa nampenda akiomba.

Sisi Wakipsigis tuna kazi ya zamu tunayoiita morik. Wakati wa palizi, leo wote wanakuja kwako, kesho wote wanakuja kwangu, kesho kutwa kwa yule. Mwenye shamba anapika, watu wanalima wakichekana, na hakuna anayeuliza atapata nini kwa sababu kila mtu zamu yake itafika. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na morik yao, ya kusaidiana kwenye vile vishamba vya mahindi walivyokodi nje ya kampuni. Nyapara naye ana shamba lake la chai, njia ya kwenda Merigi. Mwaka juzi mke wake akaomba kuingia kwenye morik. Utamkataaje mke wa mzee wa kanisa? Akaingia. Jumamosi ya kwanza wakaenda kuchuma kwake, wakapewa chai na mkate. Ya pili wakaenda tena, kwa sababu majani ya chai hayangoji kama mahindi. Ya tatu vilevile. Mpaka ninapoandika hivi, hakuna mtu amewahi kumwona mke wa nyapara, wala nyapara, wala hata mbwa wa nyapara, kwenye mahindi ya mtu mwingine. Zamu ilifika kwake ikakwama hapo kama lori kwenye matope.

Na hakuna aliyelazimishwa. Hilo ndilo lilikuwa linaniwasha. Kabla ya kuchuma wanaimba, nyapara anaomba, anasema huu ndio umoja wa watoto wa Mungu. Lakini mama akikosa Jumamosi moja, Jumatatu atajikuta juu kwa mawe, na kidole kinachomwelekeza huko kina upole wote wa mchungaji.

Mimi Jumamosi nilikuwa nafua nguo zangu za shule na kumchokoza mama akitoka.

"Mama, leo ni zamu ya nani?"

"Ya mwenye zamu."

"Na yetu itafika lini?"

"Yako itafika saa hii hii, nikishika huu mwiko."

Hivyo tu. Alikuwa anacheka, anafunga kitambaa, anaenda.

Halafu mwezi wa nne, wakati wa mvua ile nzito, jirani yetu akavunjika mguu. Huyu ni jirani ambaye ukuta wetu na wake ni mmoja, kiasi kwamba akipiga chafya sisi tunamwambia pole bila kuinuka. Aliteleza kwenye mteremko wa shamba la nyapara, Jumamosi, kikapu kimejaa mgongoni, na mguu ukavunjika chini ya goti. Nyapara mwenyewe alimpeleka hospitali na pikapu yake. Akamwombea. Akamletea unga na mafuta ya kupikia. Jumapili kanisa lote likamshukuru.

Jumatatu kampuni ikauliza huyu mama yuko wapi. Sheria ni kwamba ukiumia kazini, unakaa nyumbani upone na jina lako linakaa kwa orodha likikungoja. Nyapara akaeleza kwamba mama huyo aliumia siku ya mapumziko, akiwa kwa shughuli zake za kibinafsi. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma sana. Shughuli zake za kibinafsi! Na majani ya kile kikapu yalimwagikia viatu vya nyapara mwenyewe, alikuwa amesimama palepale.

Wakati huohuo habari ikaja kwamba mashine za kuchuma zinaletwa upande wetu. Watu wawili wanaishika huku na huku, inapita juu ya chai ikinguruma kama kinyozi wa majitu, na kazi ya mama wengi inaisha kabla ya chai ya saa nne. Ilisemekana kutaandikwa orodha mpya, fupi. Wa kupendekeza majina ni nyapara.

Nilimkuta jirani ameketi nje kwa kigoda, mguu kwenye plasta, jua la mchana likimwangaza. Watoto wake watatu walikuwa wanapigania gunzi la mahindi. Mimi nikatoa kalamu nikamchorea mpira kwenye plasta. Akacheka, halafu akaniuliza, "Wewe wa masomo. Hii kitu hakuna mahali mtu anaweza kuisema?"

Nikamtajia. Kuna kiongozi wa wafanyakazi. Akaniambia huyo ni shemeji ya nyapara. Kuna ofisi ya kampuni. Akaniambia kufika ofisini unapitia kwa nyapara. Kuna pasta. Hapo aligeuza tu uso upande wa kanisa, ambako kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea yaliyoletwa na pikapu tunayoijua.

Nikafikiria usiku na mchana, maana yake nilifikiria dakika kumi. Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa ng'ombe.

Jumapili ya vijana ilikuwa inakuja, siku ambayo sisi ndio tunaongoza ibada. Pasta hakutaka kunipa kitu. Mara ya mwisho nilipewa matangazo, nikatangaza kwamba kuku mweupe amepotea na mara ya mwisho alisikika akiimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Lakini vijana wengine waliogopa kusimama, basi akanipa maombi.

"Maombi hata wewe huwezi kuyaharibu," akasema.

Maskini pasta.

Rafiki yangu mmoja ndiye anayepiga kinanda. Wazazi wake walikuja kutoka Nyeri, wana duka la misumari na mabati sokoni, na yeye ni mtu wa hesabu kwa kila kitu. Nikamwambia, "Nikiomba, cheza polepole chini yangu. Mtu akianzisha pambio la kunizima, usimfuate. Wewe cheza yako."

"Kwani unataka kuomba nini?"

"Mambo ya kawaida. Amani, mvua, haki."

"Wewe utatuletea laana."

"Ikija muiweke dukani, muiuze."

Akacheka, akakubali. Tukafanya mazoezi nyuma ya choo cha kanisa, mimi nikiiga sauti ya nyapara, "Papaa, ee Papaa", na vijana wa kwaya wakacheka mpaka mmoja akaketi kwenye matope na suruali ya Jumapili. Nasema hivi usije ukanidhania nabii. Kuna nusu yangu iliyokuwa na hasira kwa sababu ya ule mguu, na kwa sababu Mungu ninayefundishwa tangu utoto hawezi kuwa anapenda jambo kama hilo. Hiyo nusu ipo, naapa. Nusu nyingine ilitaka tu kusikia kanisa likicheka. Nimejaribu kujua ni ipi iliyonisimamisha pale mbele, na bado sijui.

Siku ikafika. Nikasema, "Tuombe." Macho yakafungwa, mikono ikapanda, kinanda kikaanza.

Nilianza vizuri. Nikawaombea wagonjwa, viongozi wa nchi, watahiniwa. Amina zikaja kwa wingi. Nikabadilisha sauti.

"Papa yetu," nikasema, na kwenye kwaya mtu akakoroma kwa pua. "Papa, wewe unaona zamu. Unawaona akina mama wako wanaochuma majani ya mtumishi wako kila Jumamosi, na mahindi yao yamemezwa na magugu."

"Amina!" wakaitika akina mama. Waliitika kwa mazoea, kama mtu anavyopiga mbu.

"Mtumishi wako ana mambo mengi, Papa, amesahau. Mkumbushe zamu yake. Mpe jembe, Papa. Mpe na gambuti za kukanyagia matope."

"Ami..." Ilitoka, ikajishtukia katikati.

Kwenye benchi la vijana mtu alicheka kwa sauti. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka, na ilipokuja nikavimba kichwa. Ningenyamaza hapo, ningekuwa mtoto mwenye mchezo tu, wangenichapa yakaisha.

"Na ule mguu, Papa. Wewe ulikuwepo siku hiyo. Unajua ulivunjikia shamba la nani. Kampuni inauliza, na mtu aliyeona amenyamaza. Mfungue mdomo."

Nilisahau kuiga sauti. Hayo maneno ya mwisho yalitoka kwa sauti yangu mwenyewe, na yalitoka madogo.

Hakukuwa na Amina. Mama mmoja akaanzisha pambio. Rafiki yangu akaendelea kupiga wimbo mwingine kama tulivyokubaliana, na nyimbo mbili zikagongana humo ndani kama mbuzi. Nikajiitikia Amina peke yangu, nikafungua macho.

Kanisa zima macho yalikuwa bado yamefungwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyafungua. Nyapara pekee alikuwa ameyafungua. Mkono wake ulikuwa bado uko juu, ameusahau. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameangalia benchi la tatu la akina mama, mwisho, upande wa dirisha, ambako mama yangu alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Kinanda, sauti, jina nisilitaje. Sikuwa nimefikiria kwamba mtu mzima akichezewa na mtoto hamtafuti mtoto.

Mlangoni tulipotoka alinipa mkono. Ulikuwa mkono wa joto, na haukuniachilia haraka.

"Kijana. Uko na kipawa cha maombi."

"Asante, mzee."

"Hiyo kipawa ulirithi kwa mama?"

"Hapana, mzee. Mama hakujua kitu."

"Haya. Mwambie nimemsalimia."

Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Nyumbani akapika, akanipakulia, na mimi nikapata sehemu kubwa kuliko yake. Hapo ndipo niliogopa. Mama akikasirika ananipunguzia. Sijawahi kumwona akiniongezea ila siku ya matanga ya babu.

Jumatano tukaitwa kwa pasta, mimi na mama. Nyapara alikuwepo, ameshika kofia mapajani. Pasta alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, na sitaki kusema ni mtu mbaya kwa sababu si mbaya. Amechoka tu, na kanisa lake halina ukuta wa nyuma.

"Maombi si mahali pa kusemea watu," akaniambia.

"Pasta, ni wapi?"

"Ungekuja kwangu."

"Ningekuja, pasta, ungeniuliza kama mzee anajua nimekuja."

Mama akanifinya. Pasta akaangalia dirishani, kule kwenye mawe.

"Lakini manabii, pasta," nikasema, "si walikuwa wanaenda mpaka kwa mfalme wanamwambia?"

"Manabii walitumwa. Wewe ulitumwa na nani?"

Nilikuwa na majibu ya kila kitu maisha yangu yote. Hapo nikaanza kuhesabu misumari ya mabati.

"Na hakuna nabii alikuwa kidato cha tatu," nyapara akaongeza, na watu wote wakacheka, hata mimi, kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri.

Halafu wakaingizwa akina mama wa morik. Walikuja watano, na jirani yetu nyuma yao na magongo. Pasta akawauliza, polepole, na nadhani alitaka kweli kujua, kama kuna anayelazimishwa kwenda kuchuma Jumamosi.

"Hapana, pasta."

"Tunaenda kwa upendo."

"Ni morik tu, pasta. Kila mtu na zamu yake."

Mtu mmoja alisema hivyo mbele yangu na uso mkavu kabisa. Kila mtu na zamu yake.

Jirani akaja mwisho. Alisema, "Mguu ni utelezi tu. Mzee alinisaidia sana, Mungu ambariki. Huyu mtoto ni wa mchezo, nyinyi mnamjua." Alikuwa anaangalia plasta yake, na mpira wangu ulikuwa umeanza kufutika. Nilingoja nimkasirikie. Haikuja. Ana watoto watatu, na orodha ilikuwa haijaandikwa.

Nyapara akasema ameshanisamehe, kabla sijaomba. Akalia. Ya maji.

Nikaomba msamaha. Mama akainama akamshukuru, "Kongoi, mzee, kongoi sana," kama mtu aliyepewa kitu.

Alhamisi kidole kilielekea juu kwa mawe. Ijumaa pia. Mama akarudi na kikapu ambacho hata mimi ningekibeba kwa kidole kimoja, akakaa kwenye ngazi akajivua aproni, na bado hakunisema. Ningelipia aniseme. Jumamosi asubuhi akanitingisha begani.

"Vaa gambuti."

Tukaenda kwa shamba la nyapara. Nimezaliwa katikati ya chai, na miaka kumi na sita yote sijawahi kujua kuchuma. Mama akanionyesha, majani mawili na lile chipukizi la katikati, unavunja, huvuti. Mimi nikavuta. Mama wa pembeni akaniona.

"Nabii, hizo si ndevu za babu yako! Vunja!"

"Mwacheni, anaomba hapo kwanza."

"Papaa," mwingine akaiga sauti yangu nikiiga ya nyapara, chini kwa chini, na mstari wote ukatikisika kwa kicheko. Hawakuwa na chuki hata kidogo. Ndiyo iliyoniuma. Walikuwa wamesikia kila neno la yale maombi, wanayajua yote kuliko mimi, na yamekuwa kichekesho cha kupitisha Jumamosi nayo kwenye chai ya mtu yuleyule.

Saa nne nyapara akaja na birika na mikate. "Tuombe," akasema. Wote wakasimama na vikapu mgongoni wakafumba macho. Mimi sikufumba, siku hizi siwezi. Nikamwona mama. Yeye pia alikuwa amefungua macho, ameyaelekeza kwenye kichaka, na vidole vyake vilikuwa vinachuma. Nyapara aliomba kwa muda mrefu, na mama hakuruka jani.

Tulienda Jumamosi tatu. Mama hakunieleza kwa nini, lakini ilikuwa wazi. Alikuwa anataka jina lake liandikwe. Na mimi nikamwomba Mungu hilo moja, kimya, bila kuiga mtu, nikivunja majani kwa vidole vilivyokuwa vimegeuka vyeusi. Sikumwomba haki. Nilimwomba orodha. Nilimwambia kama lazima mtu alipe, anipeleke mimi kule kwa mawe, mimi nina miguu.

Orodha ikabandikwa siku ya Jumanne kwenye ukuta wa ofisi. Mama hakunituma, alienda mwenyewe, mimi nikamfuata nyuma na sare ya shule. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akashuka nacho taratibu mpaka la mwisho. Akarudi juu, akashuka tena. Kidole kiliacha alama nyeusi ya utomvu wa chai kwenye karatasi yote, na alipomaliza akalamba pembe ya leso akajaribu kuifuta, ili asiwachafulie.

Jina la jirani pia halikuwepo. Hayakuwepo majina mengine mengi, ya watu wa mistari mingine kabisa, watu ambao hata sijui wanasali wapi. Basi mpaka leo sijui ni mimi au ni mashine. Nyapara atakuambia ni mashine, na anaweza kuwa anasema kweli. Nimelizungusha hili kichwani mpaka limekuwa laini kama jiwe la mtoni. Pengine tungetoka hata kama ningeomba mvua nikaketi. Pengine mama ndiye angebaki, mmoja wa wale wachache, kwa sababu ana mikono mizuri na hajawahi kukosa Jumamosi. Hakuna wa kumuuliza. Ningemuuliza Mungu, ila sasa ninasita kusema naye mbele za watu, na peke yetu hatujazoeana.

Jumapili ya mwisho pasta aliomba kwa ajili ya familia zinazosafiri. Hivyo ndivyo alivyotuita, wasafiri. Sauti ya Amina iliyokuwa kubwa kuliko zote ilitoka kiti cha mbele.

Tunaenda Siongiroi kwa kogo, nyanya yangu mzaa mama. Huko hakuna chai. Kuna mahindi na ng'ombe, na shule ambayo haijasema kama ina nafasi. Jirani yeye alishahama, magongo juu ya godoro, na hakuja kuaga. Rafiki yangu wa kinanda alimwomba baba yake atupe gari la dukani kwa siku moja, na baba yake akakubali bila kuuliza bei, jambo ambalo rafiki yangu alisema halijawahi kutokea.

Tulitoa vitu kuanzia asubuhi. Kitanda tukakiacha mwisho kwa sababu hakikupita mlangoni kikiwa kizima na ilibidi tukifungue. Mama alikuwa ameinama anafungua misumari na kisu cha jikoni. Mgongo wake ulikuwa umenielekea, na labda ndiyo maana niliweza kumuuliza.

"Mama, kwani nilisema uongo?"

Alitoa msumari, akauweka mfukoni kwa aproni, akaniambia hivi:

"Hakuna uongo. Hayo yote uliyosema, mimi nilikuwa nimeshamwambia Mungu. Kila Jumamosi nikichuma namwambia, kwa kimya, halafu jioni narudi unanikuta hapa. Wewe umemwambia mara moja tu, mbele ya watu. Sasa shika huo upande. Inua juu kidogo, mlango ni wa watu."